Greda Lililobaki Makaburini

Barabara Namba Saba niliikata mimi mwenyewe kwa greda, mwaka ule mgodi wa makaa ya mawe ulipofunguliwa. Inaanzia nyuma ya ofisi, inabanwa kati ya shimo na korongo, inaishia kilimani penye makaburi. Mke wangu yuko pale, kaburi la tatu kutoka mwisho. Kifua ndicho kilichomwondoa. Vumbi la barabara hiyohiyo lilimfuata jikoni mpaka ndani ya debe la unga, na gari la maji la kutuliza vumbi lilikuwa halitoki gereji mpaka kuwe na wageni.

Sasa makaa yamekwisha. Sheria inasema mgodi ukifungwa barabara zake zifutwe: zichimbuliwe, zirudishiwe udongo, zioteshwe nyasi, mpaka mbuzi asijue kama paliwahi kupita lori. Sheria haina ubaya. Ila goti langu la kulia haliwezi korongo, na bila Namba Saba mimi kwa mke wangu sifiki tena.

Sheria hiyohiyo inasema mwanakijiji akiiomba barabara kwa maandishi kabla kazi haijaanza, anaachiwa. Mimi shule niliikimbia darasa la tatu, kwa hiyo nilitamka, binti yangu akaandika barua. Mlinzi wa getini akaigonga mhuri wa tarehe, akatuelekeza kwenye sanduku la maoni. Tukaitumbukiza. Miezi minne kimya. Nilipomuuliza, akasema ufunguo wa sanduku aliondoka nao bosi wa zamani, alipohamishwa miaka sita nyuma.

"Sasa watu wanatumbukiza maoni ya nini?"

"Mzee, mtu akishatumbukiza anaondoka amepoa. Kazi ya sanduku ndiyo hiyo."

Jumanne bosi wa sasa akaniita. Tunamwita Bwana Majani, maana tangu tutangaziwe kufunga, mdomoni mwake hamtoki kitu ila nyasi. Akaniambia mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi, nikaifute Namba Saba. Nikamweleza habari ya mke wangu na ya barua. Akabonyezabonyeza kompyuta yake, akasema barua haimo.

"Halafu marehemu hatumii barabara, mzee."

Nikamwambia anayeitumia ni mimi. Akasema nitazoea.

Kisha akaniagiza nianzie pale ofisini, ili mkaguzi akishuka tu kwenye gari akutane na kazi. Sasa, yeyote aliyekalia greda anajua barabara huuliwa kuanzia mwisho wake, unarudi nayo nyumbani, kama mtu anayepiga deki: anaanzia ukutani, anarudi nyuma kuelekea mlangoni. Nilimwambia hivyo, kwa adabu zote.

"Wewe endesha," akasema. "Kufikiri niachie mimi."

Nikamwachia.

Siku mbili nilichimbua kwa yale meno ya nyuma. Wenzangu wakanifuata, wakikata mitaro ya kiunoni kila hatua thelathini, wakimwaga udongo, wakipanda nyasi. Na lile gari la maji likawa linakuja asubuhi na jioni. Nyasi zile zilipata maji ambayo mke wangu hakuyapata.

Jumatano mchana nikafika makaburini, nikazima mashine, nikamsalimu mama watoto. Kurudi ilikuwa kwa miguu. Kila mtaro wenzangu walinivusha kama gunia la viazi, wakiniuliza kama nimelipa nauli.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye buti kubwa. Akainama akazipapasa nyasi, akazisifu. Bwana Majani kifua kikamjaa. Kisha yule mama akainua uso.

"Lile la njano kule kilimani ni nini?"

"Ni greda, mama."

"Linatokaje?"

Bwana Majani akanitazama mimi. Mimi nikatazama kilima.

Mkaguzi akafungua kitabu chake akatueleza taratibu, kama anayeongea na wagonjwa. Ardhi iliyopandwa nyasi haikanyagwi na gurudumu kwa miaka mitano. Na mgodi haupewi cheti cha kufungwa wakati mashine yake bado imo ndani. Bwana Majani akaomba safari moja tu, ya harakaharaka. Akakataliwa. Akauliza kama helikopta nayo inahesabiwa ina magurudumu. Mkaguzi akafunga kitabu chake. Alisema njia ni moja: kama kuna mwanakijiji aliyeiomba barabara hii kabla ya kazi kuanza.

Bwana Majani akanigeukia. Tangu aajiriwe alikuwa akiniita "wewe wa greda".

"Baba yangu," akasema, sauti laini kama ya mshenga, "ile barua yako uliiweka wapi?"

Sanduku lilivunjwa kwa mtaimbo. Ya juu kabisa ilikuwa ya mtu anayelalamika kwamba sanduku halifunguliwi. Yangu ikafuata, na mhuri wake. Mkaguzi akaisoma kwa sauti: "Naomba Namba Saba ibaki. Nina mke kule na goti langu bovu. Mkikataa semeni mapema nimuage." Akatoa kalamu, akasaini.

Chini kabisa niliona barua yenye mwandiko ninaoujua. Mke wangu alifika darasa la saba, aliandika vizuri kunishinda. Sikujua kama aliwahi kuwaandikia. Nikaichukua nikaitia mfukoni, na hakuna aliyenizuia.

Kuirudisha barabara kulihitaji greda, na greda lenyewe lilikuwa upande wa pili. Safari hii Bwana Majani aliniuliza nianzie wapi. Nikamwambia makaburini, nije nayo nikisawazisha mpaka mlangoni kwake, na wenzangu wanitangulie kufukia mitaro yao.

Jumapili binti yangu alimsomea mama yake ile barua, pale pale kaburini. Ilikuwa na mistari miwili, ya miaka mitano iliyopita. Aliomba gari la maji lipite japo asubuhi.

Linapita sasa, mara mbili kwa siku. Mkaguzi aliliandika kuwa sharti la barabara kubaki. Vumbi hakuna kabisa.