Mahindi Kwenye Nyama ya Kusaga

Jumatatu ya mwisho ya Juni, saa mbili asubuhi, Marlys Ubben alipanga maboksi arobaini ya nyama ya kusaga kwenye mkanda wa kiwanda cha kuua vijidudu kwa mionzi. Nyama ilitoka machinjio ya jirani, mali ya kampuni ileile yenye kiwanda. Mkanda uliyapitisha maboksi chini ya mionzi, na upande wa pili yakatoka baridi vilevile, yakiwa yameota mahindi.

Si yote. Kumi na moja tu. Miche ilikuwa imetoboa plastiki kwa adabu, majani mawili mawili. Maabara wakapima nyama, wasikute kijidudu hata kimoja kilicho hai. Mionzi ilikuwa imefanya kazi yake. Punje ndizo zilizokataa kufa.

Marlys alijua zimetoka wapi. Ng'ombe wa Iowa, huko Marekani, hulishwa mahindi, na punje nyingine hupita tumboni zikatoka nzima. Kule machinjioni mnyororo wa kuning'inizia mizoga ulikuwa ukipitisha ng'ombe mia tatu na tisini kwa saa, na mchunaji, hata awe na mikono minne, hawezi kuona kila doa la kinyesi. Doa kama hilo ndilo lililoua figo za mumewe, Verlyn, kwa hambaga moja aliyoila kwenye maonyesho ya kilimo, miaka mitatu nyuma, kabla mionzi haijaja. Sasa anasafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Marlys hakutaka makubwa. Alitaka mnyororo upunguzwe mwendo.

Akamwita meneja, Duane Tjaden, mtoto wa mkulima kama wao wote. Duane akachuchumaa, akapapasa jani.

"Lo! Shina hilo! Mbegu gani hii?"

"Duane, hayo ni mavi."

"Mavi yaliyopigwa mionzi, dada. Hayamdhuru mtu." Akainama zaidi. "Ila yamechelewa. Sikukuu ya Uhuru, Julai Nne, hii hapa, na hata kwenye kifundo cha mguu hayajafika."

Basi, kazi ikaharibika. Watu wa huko ukiwaonyesha hindi hawaulizi limeota wapi. Wanauliza kama litafika magotini Julai Nne, kipimo chao cha mahindi mema. Wapakiaji wakaja na futikamba. Fundi wa mionzi akaweka dau la keki. Mfagiaji akasema yanataka mvua. Marlys alisimama katikati yao na barua yake ya malalamiko, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Kila siku maboksi yalitoka na mashina marefu kuliko ya jana. Kufikia Julai tatu mashina yalikuwa yamebeba mahindi, na yalikwama kwenye mlango wa mkanda. Duane akamwita Marlys, anacheka.

"Umeshinda, dada. Wakubwa wamelishughulikia."

"Wamepunguza mwendo?"

"Wameinua mlango. Futi mbili."

"Na mnyororo?"

"Ng'ombe mia nne na ishirini kwa saa. Mionzi ipo, tuogope nini?"

Siku ya sikukuu Marlys alipeleka boksi moja nyumbani. Akakaanga hambaga, akachemsha mahindi yake, akapaka siagi. Verlyn akala.

"Matamu," akasema. "Wamepunguza?"

"Wameongeza."

Verlyn akatafuna polepole, akamaliza safu nzima ya punje.

"Nipe chumvi, mke wangu."

"Daktari amekataza."

Akala bila chumvi. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya mashine.