Zamu ya Lango la Tatu

Jumanne saa nne asubuhi, Kaloki, karani wa kamati ya maji, aliketi juu ya debe lililopinduliwa kando ya lango la tatu, daftari mapajani. Hapo chini ya mji wa Kambu mto hugawanyika mikono mitatu, na kila mkono una lango lake la mbao. Lango likiinuliwa kupita kiasi, mashamba ya chini hufurika; likifungwa, hukauka. Kwa hiyo hufunguliwa kwa zamu, na anayefungua ni mwenye jina daftarini tu.

Mwongeli alisimama mbele yake na jembe. Vitunguu vyake vilikuwa vimebakiza siku mbili vikauke.

"Mama Mutisya, sheria unaijua," Kaloki alisema. "Zamu imeandikwa Mbaluka."

"Mbaluka tulimzika Machi. Niandike mimi."

"Jina la mwanamke halijawahi kuingia humu. Mlete mwenyewe."

Mwongeli akaenda kumleta. Alikata katikati ya mahindi hadi kaburini, akamweleza mumewe jambo lenyewe bila kulia. Mbaluka akatoka, akajipangusa udongo magotini, akapokea jembe.

"Umekonda, Baba Mutisya. Huko hawapiki muthokoi?"

"Wanapika, lakini mahindi matupu. Maharagwe ndiyo hawatii."

Kaloki alimtazama, akatazama daftari. "Umechelewa dakika kumi, Mbaluka. Weka sahihi."

Mbaluka akaweka, kisha akainua ubao wa lango matundu mawili, kipimo chake cha miaka yote, maji yakaingia shambani bila kumwagikia jirani. Mwongeli aliyaongoza mtaro kwa mtaro, akimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, na mumewe pia. Saa sita Mbaluka alishusha ubao, akanawa mikono, akarudi alikotoka. Akawa anakuja kila Jumanne. Vitunguu vikanenepa, na Mwongeli hakuchoka kushukuru.

Jirani yake Kavindu, mjane pia, mwenye zamu ya Alhamisi kwa jina la mumewe, naye alienda kumwita. Alirudi peke yake.

"Amesema anakuja," alimwambia Mwongeli, akacheka kidogo. "Hata alipokuwa hai ilikuwa hivyo hivyo."

Majani ya nyanya zake yalikuwa yamejikunja. Mwongeli alimjazia kikapu cha vitunguu, maana hakuwa na kingine cha kumpa.

Kaloki, mtu wa haki, alingoja hadi dakika ya mwisho ya zamu. Kisha akaandika mbele ya jina la mume wa Kavindu: *Hakufika.*