Banda Lisilovuja

Mwaka ule mvua haikunyesha Ujiji, ilihamia. Ilikuja Novemba na virago vyake, na Machi ilikuwa bado imejikalia, haioneshi dalili ya kuaga.

Mzee Mwinshehe alikuwa fundi wa kukalafati. Kazi yake ilikuwa kuziba: anapigilia pamba kwenye nyufa za mtumbwi kwa patasi butu, anapaka lami, halafu anamwambia mwenye chombo asikishushe majini mpaka lami ikauke. Zamani walimsikiliza. Tangu Burundi ichafuke, hakuna aliyekuwa na masikio. Mitumbwi ilifika kutoka Kagunga, kule mpakani, imejaa wakimbizi hadi maji yanachungulia ndani, inashusha, inageuza. Mwinshehe alikuwa akiziba huku magodoro na watoto bado wamo chomboni, na kabla hajamaliza ubavu mmoja, nahodha kashawasha injini.

"Nusu inatosha, mzee!"

Nusu. Kila jioni alirudi nyumbani mgongo umepinda kama ndoana, amechoka kwa kazi ambazo hakuzimaliza. Uchovu wa namna hiyo hauishi hata ukilala.

Ndiyo maana alipomjengea mkewe banda jipya la kuku, alilimaliza. Alichukua mbao za mvule za mashua iliyokufa, akazipanga, akakalafati kila ufa, juu akaweka bati, na mlango ukakaa sawasawa kama kifuniko cha sufuria. Akamwagia ndoo nzima ya maji. Ndani halikuingia tone.

"Hata upepo ukitaka kuingia humu," alisema, "ubishe hodi."

Bi Mwanvua, mkewe, alilizunguka banda akiwa ameshika kiuno. "Kuku wangu wanasafiri kwenda wapi, Baba Lulu? Maana hapa naona chombo kamili, umesahau nanga tu."

Alitania, lakini alishukuru. Mayai ndiyo yaliyonunua unga wa nyumba ile, kwa kuwa manahodha walioridhika na nusu ya kazi walilipa nusu pia.

Kwanza ikaja harufu, ile kali ya mkojo inayokupiga puani ukifungua mlango. Kisha kuku wakaanza kukoroma. Baadaye macho yakavimba, na asubuhi moja mtetea mweusi akakutwa amelala kifudifudi. Haikuwa kideri. Bwana mifugo alikuwa amekwisha kuwadondoshea dawa ya kideri machoni, na kideri hakina subira, hufagia banda zima kwa mkupuo. Ugonjwa huu ulikuwa unachagua. Unaondoka na mmoja, unapumzika, unarudi kwa mwenzake.

Mwanvua aliwatilia majani ya mwarobaini kwenye maji. Alibadilisha maranda, yale mabaki ya randa anayookota kwa waunda mitumbwi wa Kibirizi. Leo anatandaza maranda makavu, keshokutwa yamegandamana kama ugali uliolala. Kuku wakaendelea kupungua mpaka wakabaki wachache, na miongoni mwao mmoja tu wa maana: kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa anaatamia. Mayai yaliyokuwa chini ya tumbo lake ndiyo yalikuwa kundi lijalo. Akifa, au akichoka akainuka, banda litabaki la kuhifadhia kuni.

Na kishingo naye alikuwa ameanza kukoroma.

Nyumbani pale palikuwa na mgeni, Skolastika, mwanamke wa Kirundi aliyefika kwa mojawapo ya mitumbwi ile. Kutoka Kagunga mpaka Kigoma alikuwa anachota maji chomboni kwa kopo na kuyamwaga ziwani. Walipofika, Mwinshehe alianza kuziba pale pale alipokuwa anachota, na mama yule akaendelea kuchota, mkono umesahau kusimama. Ndugu aliyemtegemea, wa mtaa wa Gungu, alikuwa amehama. Basi Mwinshehe akarudi naye nyumbani.

"Nilikutuma samaki," alisema Mwanvua mlangoni, "umeniletea mtu."

"Migebuka imepanda bei."

"Na mtu?"

"Mtu anatolewa bure siku hizi."

Mwanvua alimtazama mgeni, akaona miguu ilivyovimba, akaenda kubandika maji ya kuoga. Husemwa mgeni siku ya tatu umpe jembe. Skolastika aliliomba mwenyewe siku ya pili, akachimba mtaro kuzunguka banda ili maji ya mvua yasipite chini yake. Ulikuwa mtaro mzuri. Maji yakashika njia yao, na ndani maranda yakazidi kulowa.

Ikatokea usiku mmoja mvua ikasahau kunyesha. Asubuhi Skolastika akaenda kufungua kuku, akainama mlangoni, na tone la baridi likamdondokea shingoni. Akainua macho. Bati lote kwa ndani lilikuwa limejaa matone, yananing'inia kama yanasubiri zamu.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi. Akaenda kuwaita wenye nyumba.

Mwinshehe alikuja na mswaki mdomoni. "Banda langu halivuji."

"Hakuna aliyesema linavuja," alisema Mwanvua. "Linalia."

"Lilie kwa msiba gani?"

"Wa kuku wangu."

Skolastika alikunja mikono kifuani, kama mtu anayeomba njia. "Mzee, samahani. Pale Kagunga tulilala chini ya turubai la nailoni. Tulilifunga pande zote kwa ajili ya upepo. Mvua haikuingia, lakini asubuhi blanketi unalikamua. Watoto wote kifua. Bibi mmoja akachukua wembe akapasua huku juu. Tulimtukana usiku kucha kwa ile baridi! Kulipokucha, blanketi kavu. Hizi inkoko haziloweshwi na mvua, mzee. Zinaloweshwa na pumzi zake zenyewe."

"Turubai ni turubai," alisema Mwinshehe. "Hii ni mvule."

"Mvule haujui kupumua?"

"Haujui. Ungejua, watu wangezama."

Hapo hakuwa na kosa, na ndiyo iliyokuwa shida yake. Maisha yake yote tundu lilikuwa adui.

Mwanvua alitazama upande wa ziwa. "Wingu lile limeshafika Bangwe. Ingia humo ukae na kuku mpaka mvua ikatike. Ukitoka mkavu, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

"Utaniomba kwa pilau."

"Kwa pilau."

Mzee mzima akajikunja akaingia bandani, na mkewe akamfungia komeo kwa nje. Mvua ikafika na kelele zake. Wanawake walikaa barazani wakichambua maharage, na kila baada ya muda Mwanvua akapaza sauti.

"Abiria, mmefika wapi?"

"Pakavu!" ilitoka sauti ndani.

Maharage yakapungua kwenye ungo.

"Abiria! Mmefika wapi?"

Safari hii kilitoka kikohozi. Baadaye hata kikohozi hakikutoka. Kisha ngumi ikagonga mbao.

"Fungua."

"Nani?"

"Mwanvua, fungua!"

"Kumbe wewe? Nilidhani ni upepo unabisha hodi."

Alitoka macho mekundu, machozi yanatiririka mpaka kwenye ndevu. Mgongoni shati lilikuwa limejaa madoa ya maji.

"Umelia, Baba Lulu?"

"Mkojo wao unachoma macho." Alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akavuta nyingine, kama anayezihesabu zisije zikamwishia. Mwanvua akamletea kata ya maji anawe macho. Mvua ilinyesha mpaka ikachoka yenyewe.

"Yule kishingo," alisema Mwinshehe hatimaye. "Jicho moja halifunguki. Anavuta hewa kwa mdomo. Na hajainuka kwenye mayai."

Akaenda kuchukua patasi.

Alianza na mbao za juu kabisa, karibu na bati. Skolastika ndiye aliyesisitiza: tundu liwe juu ya vichwa vya kuku, upepo upite ukichukua jasho, usiwapige mgongoni walipolala. Pamba ilitoka kwa shida, maana ilikuwa imepigiliwa na mtu anayejua. Mwinshehe aliivuta kidogo kidogo, na kila kipande alikikunja akakitia mfukoni. Kisha akang'oa ubao wa juu wa mbele, akang'oa na wa nyuma, na pale palipobaki wazi akapigilia wavu wa zamani uliokunjwa mara mbili, kicheche asipate pa kupitisha hata tusi.

Akabaki ameshika nyundo mbele ya safu ya pili ya mbao. "Tung'oe na hizi?"

"Hapana," alisema Skolastika. "Nusu inatosha, mzee."

Hakujua alichosema. Mwinshehe aliegemea banda, mabega yakaanza kutikisika, na Mwanvua ikabidi asogee karibu kuhakikisha kwamba ni kicheko. Kilikuwa kicheko, kwa sehemu kubwa.

Walizoa maranda mabovu, wakanyunyiza majivu, wakatandaza mengine makavu. Kishingo walimzunguka bila kumgusa.

Asubuhi kadhaa zikapita. Mvua haikubadili tabia. Upepo ulipiga mluzi kwenye matundu, na Mwinshehe alilala akiusikia kama mtu anayesikia chombo chake kinaingia maji. Kuku wakaendelea kukoroma, ila maranda yalikuwa yanatimua vumbi yakichakurwa, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mvua ianze.

Kisha alfajiri moja Mwinshehe akatoka msikitini, akapita bandani kusikiliza kama kawaida yake, asisikie kitu. Hakuna mkoromo hata mmoja. Akasimama na mkono kwenye komeo, asilifungue. Mwanvua alimkuta hapo.

"Kuna nini?"

"Kimya."

Mwanvua alitoa kanga kichwani akaifunga upya, bila sababu. Naye hakugusa komeo. Skolastika alikuja nyuma yao na ndoo ya maji, akawatazama, akaitua. Akapanda juu ya jiwe, akaweka sikio kwenye wavu.

"Unasikia nini?" aliuliza Mwanvua.

Skolastika alipitisha kidole kwenye tundu la wavu, akakwaruza bati. Kule pembeni, penye kiota, kitu kikanguruma chini kwa chini, kwa hasira ya mama aliyesumbuliwa.

"Anatutukana," alisema Skolastika.

"Kwa pua au kwa mdomo?"

"Pua safi, mama. Matusi yanatoka yote."

Mwanvua aliketi kwenye lile jiwe, mgeni alipoteremka. Kutoka ziwani ukasikika mlio wa injini, mtumbwi mwingine wa kutoka Kagunga, unakoroma kwa mzigo. Mwinshehe aliingiza mkono mfukoni, akaikuta ile pamba. Akaichambua kwa vidole, akaona bado inafaa, akashika patasi na kuteremka pwani.

"Uje na migebuka!" Mwanvua alimpigia kelele.

"Nitakuja na nitakachokikuta!"