Farasi wa Turubai la Kijani

Mwezi wa Julai, ambao kwetu huku ni katikati ya baridi, shambani kwa mzee Neville Haldane, tope lilikuwa limeshafika magotini na bado linatafuta njia ya kupanda. Tope la wilaya yetu ya Rangitīkei halina adabu. Linakuvua buti umesimama, linameza funguo za gari, na ukizubaa litameza na farasi. Raewyn Pascoe alikuwa ameshapoteza humo buti mbili za mguu wa kushoto tangu Mei, na alianza kuamini kwamba huko chini yupo mtu wa mguu mmoja anayezikusanya.

Raewyn alikuwa na miaka hamsini na minane na alipanga barua katika posta ya mjini. Alikuwa ameachika mara mbili na kuapa mara tatu kwamba hataki tena kiumbe cha kiume nyumbani kwake. Askofu hakuhesabiwa, kwanza kwa sababu alikuwa amehasiwa, pili kwa sababu hakuishi nyumbani. Alikuwa farasi mzee wa miaka ishirini na minne, mrefu, kahawia, mwenye meno ya kuazima na kiburi cha kuzaliwa nacho. Aliishi malishoni kwa Neville pamoja na Biskuti, farasi wa Trish Wikaira, dereva wa basi la shule. Raewyn alikuja kila Jumamosi kumpanda wake, Trish alikuja Jumapili, na siku nyingine zote walimwachia Neville.

Neville alikuwa amekamua ng'ombe miaka hamsini na aliwaheshimu, kwa sababu ng'ombe ana namba sikioni. Farasi hana namba, hana maziwa, anakula kutwa na mwisho wa siku anakupiga teke. Mzee alikubali kuwalisha kwa sharti moja tu: aandikiwe. Basi ukutani mwa banda palitundikwa ubao, na kwa kuwa mzee hakuweza kumtofautisha farasi na farasi mwenzake, waliandika kwa rangi ya maturubai ambayo farasi wetu huvishwa wakati wa baridi. Raewyn aliandika: KIJANI, NDOO NZIMA YA PUMBA NA LUSANI, ASUBUHI NA JIONI. Huyo ni Askofu, ambaye bila ndoo hiyo ya pumba na majani makavu ya lusani, majani mabichi peke yake yangemwacha mifupa mitupu. Chini yake Trish akaandika: BLUU, ASIPEWE KITU. ATAJIFANYA ANAKUFA. USIMWAMINI. Huyo ni Biskuti, kijana wa miaka tisa mwenye tumbo la mjamzito, ambaye daktari wa mifugo alimpiga marufuku chochote kitamu asije akaugua kwato.

Ukiwaosha, hawafanani. Askofu ana doa jeupe kwenye paji la uso, limepinda kama koma iliyoandikwa ndani ya gari linalokwenda. Lakini nani huosha farasi Julai? Walibingirika topeni kila siku mpaka wakawa mapacha, na doa la Askofu halikuonekana na mtu tangu Mei.

Mwanzoni mwa Juni waya wa uzio ukalipasua turubai la kijani toka mgongoni hadi mkiani. Raewyn akalipeleka kwa mshonaji, na kwa simu akamwomba Trish ruhusa amvishe Askofu lile la bluu la Biskuti. Trish akamwambia amvishe tu, dada, Biskuti ana mafuta ya kumtosha mpaka Krismasi. Siku kumi baadaye la kijani likarudi limeshonwa, na Raewyn akalitundika getini akikusudia kuwabadilisha Jumamosi ijayo. Kabla haijafika, mvua ikamwagika, na Trish, ambaye kwa maneno ni mkali lakini moyoni ni uji, akamwonea huruma Biskuti kwa uchi wake akamvisha lile la kijani. Jumamosi Raewyn akakuta kila mmoja ana nguo. Akaona kuwabadilisha nguo farasi wawili walioloa, wewe mwenyewe umezama mpaka magotini, ni kazi ya wendawazimu. Akaacha. Kwake yeye Askofu ni Askofu hata ukimvisha gauni la harusi. Wenye farasi ndivyo tulivyo, tunatazama uso na mwendo, nguo hatuioni. Ule ubao haukumjia akilini hata kidogo.

Wiki ya kwanza Askofu akawa mvivu. Ya pili, tandiko likaanza kumpwaya. Ya tatu, Raewyn akipitisha mkono chini ya turubai aliweza kuhesabu mbavu, na kila Jumatano alipompigia Neville kuuliza kama Askofu, mzee mwenzake, anakula, Neville alimjibu kwa fahari kwamba anakula kama hana akili nzuri, analamba ndoo, angekula na ndoo yenyewe. Daktari wa mifugo akaja, akamtazama meno, akasikiliza habari hiyo ya ndoo, akatikisa kichwa. Farasi anayekula hivyo na bado anakwisha, alisema, ana kitu tumboni kinachomla yeye. Kwa umri ule haoni faida ya kumpasua. Asimwache aione Agosti.

Raewyn alilia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha akampigia Des Corkery.

Kwetu huku farasi mzee hazikwi. Des ndiye mtunzaji wa mbwa wa kuwindia sungura, na mbwa arobaini hawashibi kwa sala. Anakuja na bunduki na gari lake lenye winchi, anavua kofia, anamaliza kazi kwa risasi moja, na farasi anaondoka kwenda kuwa chakula cha wiki. Watu wa mjini wakisikia wanashika vinywa. Sisi tunasema heri hivyo kuliko tope. Des akasema atafika Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumamosi ile Raewyn alifika saa mbili. Alitaka kumpanda mara ya mwisho, mpaka mtoni na kurudi, kama walivyofanya kwa miaka kumi na saba. Askofu alitembea akivuta kwato moja moja, kila moja ikitoka topeni kwa mlio wa aibu. Walipofika geti la pili akasimama. Hakugoma, hakuleta ujeuri. Alisimama tu, akishusha pumzi, na huo upole ndio uliomuumiza Raewyn, maana Askofu katika uzima wake hakuwahi kuwa mpole hata siku moja. Alishuka, akamrudisha kwa mguu huku akimwomba msamaha kwa kila kitu, hata kwa wale waume wawili.

Akamfunga nje ya banda, akamrudishia turubai la bluu asipigwe na baridi. Alijua ni upuuzi, mtu hafi kwa mafua saa tatu wakati risasi yake ni ya saa nne. Akamwomba Neville amletee Askofu ndoo ya mwisho, aijaze, atie na molasi. Yeye akaenda garini kuchukua tufaha.

Aliporudi alimkuta Neville ndani ya banda. Mzee alikuwa amevua kofia, na kwa mkono mmoja ameshika ndoo mbele ya farasi mnene aliyevaa turubai la kijani. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Kula, baba," alikuwa anamwambia. "Kula, wewe ndiye uliyenizoesha farasi. Yule mwingine mnafiki, kila jioni anakuja getini ananililia, lakini mimi simwamini. Mimi nakulisha wewe."

Biskuti alikuwa amezamisha kichwa mpaka masikioni.

"Neville," Raewyn alisema. "Huyo ni nani?"

"Askofu."

"Na huyo wa nje?"

Neville aliutazama ubao, akamtazama wa nje, akautazama tena ubao. "Si huyo anayejifanya anakufa?"

Tufaha lilimdondoka Raewyn. Yote yakamjia kwa mpigo: yale majibu ya Jumatano, ule ulambaji wa ndoo, lile turubai aliloona uvivu kulibadilisha. Wiki tano. Kila jioni kwa wiki tano Askofu alikuwa anakuja getini kuomba chakula chake mwenyewe, na anaambiwa mnafiki.

Neville naye akaelewa. Akaitua ndoo chini. "Mungu wangu, mama. Nimemuua."

"Si wewe," Raewyn alisema. "Wewe ulisoma kilichoandikwa. Ni mimi. Niliona uvivu."

Hapo ndipo Des alipoingia na gari lake, akirusha tope kila upande. Akashuka, akavua kofia kwa heshima, akawakuta watu wawili wanalia na wanamvua nguo farasi mmoja kumvisha mwingine. Raewyn akamweleza, mara mbili, maana ya kwanza haikueleweka. Des akamzunguka Askofu, akambonyeza ubavuni, kisha akamzunguka Biskuti, ambaye alikuwa anasaga pumba ya mwisho kwa utulivu wa mwenye nyumba.

"Sasa mimi nirudi mikono mitupu?" aliuliza. "Nipeni basi huyu. Mbwa wangu watamla mpaka Septemba."

Wakasema hapana, ingawa Raewyn alichelewa kidogo kusema. Des akavaa kofia yake, akaondoka zake, na gari likazama getini ikabidi walivute kwa trekta.

Trish aliposikia alikuja siku hiyohiyo, akatukana dakika kumi bila kurudia neno, akaanza na wao akamalizia na yeye mwenyewe. Kisha akaufuta ule ubao kwa kiwiko. Daktari akaonya wasimshibishe Askofu kwa pupa, wampe kidogo kidogo mara tano kwa siku. Hizo mara tano Neville alizifanya mwenyewe. Baada ya kila ndoo alisimama pale mpaka Askofu amalize, na hakuna aliyemsikia akimwita farasi yeyote mnafiki tena.

Agosti ikaja, na Askofu akaiona. Mwisho wa mwezi mbavu zilikuwa zimeanza kujificha. Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mvua ikinyesha bado, Raewyn alimtandika akasema watakwenda mpaka geti la pili tu. Walipofika, bata mmoja akaruka kutoka kwenye dimbwi. Askofu alikuwa ameona bata elfu maishani, lakini huyu alimkera. Akainamisha kichwa, akarusha miguu ya nyuma juu, kisha akarusha tena kwa makusudi, na Raewyn akapaa, akatua chali topeni, mwili mzima.

Hakusimama. Alilala palepale mvua ikimpiga usoni, akacheka mpaka akakohoa. Farasi mgonjwa hana nguvu za kumtupa mtu.

Neville alikuja mbio kwa pikipiki yake ya magurudumu manne, akipiga kelele kuuliza kama amevunjika.

"Amenitupa," Raewyn alimwambia kutoka chini. "Umeona alivyonitupa?"

Mzee hakumpa hata mkono. Alimpita, akamwendea farasi, ambaye alikuwa tope tupu na safari hii hakuwa na turubai la rangi yoyote. Akamshika hatamu. Akamfuta paji la uso kwa mkono wa koti lake, taratibu, mpaka lile doa jeupe lililopinda likatokea.

"Ni yeye," Neville alisema.