Paa la Jumba la Hamidi

Hamidi alijenga jumba la orofa mbili mjini Dodoma, lote la udongo, lenye paa bapa kama la tembe. Alipofariki, ofisa wa Kijerumani alilichukua, kwa kuwa mjane wake, Mwanamvua, hakuwa na hati.

Mawingu ya kwanza yalipotanda, Mwanamvua alimwendea.

“Bwana mkubwa, niruhusu nipande. Paa hili husiribwa upya kila mwaka kabla ya mvua.”

“Nyumba si yako, mama.”

“Nyumba kaa nayo. Mimi naomba paa tu.”

Ofisa alicheka, akafunga mlango.

Mvua ilinyesha siku tatu. Jumba lilishuka taratibu, ukuta baada ya ukuta, kama ng'ombe wanaopiga magoti walale. Siku ya nne ofisa alihamia hemani. Mwanamvua alikuja na kapu, akachota udongo wa jumba lake, akaanza kujenga.