Siku Madebe Alipouvuka Uwanda

Nina punda wangu: akikimbia yuko wima, akisimama anaanguka. Ni nani huyo?

Usijibu haraka. Mjukuu wangu mmoja alinijibu kwamba ni mlevi, nikamwambia mlevi akikimbia ndiyo anaanguka zaidi. Fikiri kwanza. Ukishindwa nipe mji, nami nikikaa vizuri katika mji wako nitakutegulia.

Haya, mji nimeupokea, hata kama mabomba yake hayatoi maji. Punda huyo ni baiskeli. Na habari yenyewe ni ya mwanangu wa pili, aliyekaa juu ya punda huyo tangu ndevu zake hazijaota mpaka zikaingia mvi.

Mwanangu alikuwa mchukuzi wa maziwa. Alfajiri anayakusanya kwa wafugaji, jua likichomoza yuko mjini anapita mlango kwa mlango. Debe kulia, debe kushoto, na la tatu juu ya keria, limekazwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Watu wakamwita Madebe, na hata mimi niliyemzaa nikamwita hivyo, maana jina la mtaani likishaota mizizi mama mwenyewe haling'oi. Akipiga kengele milango inafunguka, kina mama wanatoka na sufuria, huyu anamsalimu, yule anamsimulia jino lake linavyomsumbua.

Kisha likaja lori la tangi. Linapita kwa wafugaji wote mara moja, linayanywa maziwa, linakwenda zake. Hakuna aliyemfukuza Madebe. Hakuhitajika tu. Akaitundika baiskeli ukutani uani, akahamia kwenye benchi la kinyozi, na kinyozi huyo mdomo wake una makali kuliko wembe.

"Madebe," anamwambia, "siku hizi tukuiteje? Debe tupu haliachi kuvuma, lakini wewe hata kuvuma huvumi."

Mwanangu anacheka pamoja na wenzake. Lakini mimi ndiye niliyemwogesha utotoni. Kicheko chake nakijua, na kile kilikuwa cha kuazima.

Sasa ana binti, fundi umeme, tunamwita Kereng'ende kwa wembamba wake na kwa kutotulia. Likizo zake zote ni baiskeli. Wanaondoka yeye na wenzake, wanakwenda mbali huko, wanalala kwenye vihema, wanarudi pua zimebabuka wakisema wamestarehe. Jioni moja alikuja uani, akaishusha baiskeli ya baba yake, akautia mnyororo mafuta, akafunga matairi mapya. Ruhusa hakuomba.

"Tunakwenda kwa Shangazi," akasema.

"Basi lipo kila siku," baba yake akamjibu.

"Kwa baiskeli, Baba. Tuukate uwanda wote, kutoka huku mpaka kule."

Shangazi huyo ni binti yangu mkubwa. Aliolewa ng'ambo ya uwanda, mbali kweli, basi lenyewe linaondoka kungali giza na kufika jua likizama. Na uwanda huo hauna hata kilima cha mbuzi kusimamia. Asubuhi unaliona tangi la maji la kijiji kilicho mbele. Unakwenda, unakwenda, adhuhuri unaliona palepale, kama linakukimbia.

Madebe akaliminya tairi jipya kwa kidole, kisha akasema, "Nitakwenda. Ila nikishindwa njiani, nikirudi naipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mtu asinitajie tena baiskeli maisha yangu yote. Mama, wewe shahidi."

Nikasema nimesikia. Moyoni nilijua kwamba akiiuza ile baiskeli, kwenye lile benchi hatainuka tena.

Kesho yake akaijaribu mtaani. Hapa kuna jambo ambalo wewe usiyebeba maziwa hulijui. Baiskeli yenye mzigo mzito ni kama ng'ombe wa kulima: lazima uikazie mkono, uilazimishe njia. Mwanangu alizoea hivyo miaka yote. Alipopanda baiskeli tupu akaukaba usukani kwa nguvu zilezile, nayo ikayumba huku, ikayumba kule, ikambwaga mbele ya kinyozi kama gunia la mkaa. Mtu aliyezungusha maziwa mji mzima asimwage tone, leo kaangushwa na baiskeli isiyo na kitu.

"Debe tupu hilo," kinyozi akasema, wala hakugeuka kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikinyoa.

Siku ya safari ikafika. Tunatoka nje, tunakuta Madebe amekwisha kufunga madebe yake, kulia na kushoto.

"Mna nini humo, Baba?"

"Nguo. Chakula. Mwanamume hasafiri kama kuku."

Wakaenda zao. Mimi nikapanda basi niwatangulie kwa binti yangu. Ya njiani nimeyasikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na pale walipotofautiana nimemwamini mjukuu, maana baba mtu hakumbuki kuanguka hata mara moja.

Siku ya kwanza Madebe alibaki nyuma. Kereng'ende anafika kwenye mti, anakaa, anakula karanga, anangoja. Baba yake anafika jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu, anasema tuendelee. Wanaendelea. Siku ya pili upepo ukawajia usoni, na uwandani upepo ndio mlima wenyewe. Unakanyaga pedali kwa nguvu zako zote na mtu anayetembea kwa miguu anakusalimu, mnazungumza, anakupita.

"Kitendawili," Madebe akasema akihema. "Anasukuma na mikono hana."

"Upepo, Baba, na hata kwenye kitendawili sitaki kuusikia."

Mchana ule Madebe akasimama katikati ya njia, baiskeli inamlalia. Kereng'ende akarudi kumsaidia, akalishika debe moja ili aegemeze baiskeli, akashangaa. Nguo gani nzito hivi? Akafungua kifuniko. Maji. Akafungua la pili. Maji, mpaka shingoni. Nguo zilikuwa kwenye kifuko kidogo mgongoni mwa baba yake, shati na suruali, basi.

Kereng'ende akaketi chini. Hakujua acheke au alie.

"Baba, unavuta kisima uwanda mzima?"

"Bila uzito inanitupa. Uliona mwenyewe."

"Kuanguka tu hakumfanyi mtu abebe kisima. Wewe unaogopa kitu kingine. Unaogopa nini?"

Madebe akatazama mbali, akapangusa kengele kwa kidole gumba kana kwamba imeingia vumbi.

Akatokea mama mmoja mchungaji na ndama wake, wote ndimi nje, kwa sababu birika la kunyweshea la pale lilikuwa limekauka. Akayatazama yale maji, akamtazama mwanangu.

"Shemeji," akasema, "maji hayo unayapeleka arusini, au hata ndama wanaalikwa?"

Madebe akasimama na debe mkononi. Kereng'ende anasema baba yake alisimama vile kwa muda ambao mtu angechemsha chai. Halafu akalimimina lote birikani, akarudi, akalimimina na la pili. Ndama wakasukumana. Alipomaliza hakuyafunga tena madebe kwenye keria. Akayaweka miguuni pa yule mama.

"Baki nayo."

"Yote mawili? Shemeji, usije ukafika nyumbani ukaulizwa."

"Niulizwe tu."

Chupa zao za kunywa zilikuwa bado zimejaa, wakaondoka. Yaani binti aliondoka, baba alianguka. Akainuka, akapanda, akaanguka upande wa pili ili pande zote zipate haki. Yule mama mchungaji akaketi kwenye ukingo wa birika kutazama, maana uwandani burudani ni haba.

"Baba, huo usukani si mwizi uliyemkamata sokoni. Ulegeze. Ushike kama unashika kifaranga."

"Kifaranga kikitoroka?"

"Kiache kitoroke. Kitarudi. Wewe tazama mbali, usitazame gurudumu."

Akalegeza vidole. Baiskeli ikayumba kidogo, ikafikiri, ikanyooka. Madebe akakanyaga tena, ikazidi kunyooka. Miguu ile iliyosukuma mizigo tangu ujana, sasa haina cha kusukuma ila mwenyewe. Mara akampita binti yake. Kereng'ende anasema alidhani ni pikipiki.

Tangu hapo mambo yakageuka. Waendao mbali kwa baiskeli wana desturi: mmoja anatangulia kuukata upepo, wa nyuma anajibanza kwenye mgongo wake apumue, kisha wanabadilishana. Madebe akajifunza ndani ya asubuhi moja. Akichoka anajitenga kando, binti anapita mbele; binti akichoka, baba anapita. Wakala vijiji. Yale matangi ya maji yaliyokuwa yakiwakimbia yakaanza kuwajia yenyewe. Kwenye njia ya vumbi wakalipata trekta, Madebe akalipita akipiga kengele, dereva akamvulia kofia.

Siku ya mwisho upepo ukaja na mchanga ndani yake, na Kereng'ende akaishiwa. Anasema aliona vitone vyeusi machoni, miguu ikawa uji. Akamwambia baba yake wapumzike mpaka kesho.

"Ukitaka tutapumzika," Madebe akasema. "Lakini jibanze nyuma yangu kwanza. Usitazame kitu chochote ila mgongo wangu. Ukinichoka niambie."

Akainamisha kichwa akaingia upeponi. Hakubadilishana naye tena. Alivuta saa baada ya saa, si kwa haraka, kwa mwendo mmoja tu, ule wa mtu anayejua kuna milango inamngoja mbele. Na binti nyuma yake, kwenye kile kivuli kidogo kisicho na upepo, akapata pumzi, akapata miguu, mpaka akaanza kuimba.

Sisi tulikuwa barazani kwa binti yangu, tunachambua mchele. Kutoka pale njia inaonekana imenyooka kama uzi mpaka macho yanapokoma. Tukaona nukta mbili. Zikawa watu. Wa mbele akaachia usukani, akainua mikono yote miwili juu, baiskeli inakwenda yenyewe wima kabisa.

"Mama," binti yangu akasema, "ni mwendawazimu gani yule?"

"Ni mdogo wako."

"Yule? Yule hajawahi kuachia usukani hata kufuta kamasi."

Ungo wa mchele ukaanguka. Binti yangu, ambaye magoti yanamuuma miaka yote, alikimbia. Ulifunguka mlango wake, ukafunguka wa jirani, ukafunguka wa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ambaye hata hakujua kuna nini. Watu wasiomfahamu wakampigia makofi mtu aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope. Dada yake akamkumbatia yeye na baiskeli pamoja. Na mimi? Nilisimama palepale na punje za mchele kiganjani, nikamtazama mwanangu akicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake mwenyewe.

Akaketi kwenye ngazi, Kereng'ende akaketi ubavuni pake, wakapewa maji. Wakanywa. Mlango nyuma yao ulikuwa bado wazi, watoto wa nyumba wanatoka na kuingia, kila mmoja anataka kuigusa ile baiskeli. Madebe akavitazama viganja vyake, vilivyolainika kidogo tangu aache maziwa.

"Uliniuliza naogopa nini," akamwambia binti yake. "Niliogopa kufika mahali sina cha kuwapa watu, nikagonga, wasinifungulie."