Mama Mkwe Aliyeingia Amerika Mgongoni

Kila Jumatatu asubuhi, mwaka ule wa 2015, Isaro alichemsha chai ya maziwa katika nyumba yake ya kupanga huko Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus, akamimina vikombe viwili. Kimoja alikunywa mwenyewe, kingine alikipitisha juu ya bega. Mama mkwe wake alikipokea huko mgongoni, akapuliza, akalalamika kwamba maziwa ya Columbus hayajawahi kumwona ng'ombe. Kisha Isaro alikaza mbeleko, wakashuka ngazi kusubiri gari la Muhoza, jirani aliyewapeleka kazini ghalani.

Alimbeba tangu milima ya Minembwe, huko Kongo. Mumewe, Rutebuka, aliuawa njiani, na magoti ya mama yake yakagoma siku hiyohiyo. Isaro akamfunga mgongoni kwa kitenge, akavuka naye mto Ruzizi maji yakiwa kifuani, akapanga naye foleni za kambi ya Burundi miaka nenda miaka rudi. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hao hawakumbeba bibi huyu, mwenye mifupa mizito na maoni mengi.

Juu ya Atlantiki bibi alilala fofofo kwa dawa aliyopewa ya kumtoa hofu ya ndege. Alikuwa bado amelala walipofika mpakani, kwenye uwanja wa kwanza wa ndege wa Amerika, afisa alipouliza, "Huyo mgongoni ni nani?"

"Ni mama ya bwana yangu."

"Jina lake?"

Isaro akainamisha macho. Kwao mke wa mtu hatamki jina la mama mkwe, hata akitishwa. Kambini majirani walimtajia. Hapa hapakuwa na jirani. Afisa alisubiri kwa adabu, foleni ikakohoa, naye akagonga muhuri mmoja: mtu mmoja na mzigo wake.

Tangu hapo ardhi ya Amerika haikumpokea bibi. Akishushwa, nyayo zake zilisimama hewani, upana wa kiganja juu ya zulia, na akichoka kuelea alirudi mgongoni. Kanisani hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa hadithi. Mzee mmoja aliyehamia kutoka Louisville, kivuli chake kilikuwa bado kimezuiliwa forodhani. Wageni wa Buffalo walikuwa na binti aliyetua kabla ya ndege yake. Kila mtu alikuwa na mpaka wake.

Ghalani Isaro alinyanyua maboksi na bibi akayabandika utepe kutoka juu. Msimamizi aliwasifu sana: mikono minne, mshahara mmoja. Isaro hakununa. Wanawake wa namna hii ni wachache, na wanaowaona ni wachache zaidi.

Ila majira ya baridi bibi akaanza kukohoa.

"Mutoto wangu," alimnong'oneza sikioni, "nikikufa, mutanizika wapi? Udongo ya huku haiko inanijua. Nitabakia juu ya kaburi, hivi, juujuu."

Isaro aliweka sufuria chini akalia waziwazi. Kubeba aliweza. Hilo hakuliweza.

Muhoza akawapeleka ofisi ya uhamiaji ili bibi aandikwe, akajitolea kulitaja jina yeye. Karani alitabasamu: kompyuta humsikia mwenye faili tu, yaani Isaro. Bibi naye akajitaja kwa sauti ya kwaya. Kompyuta haikumsikia, kwa kuwa hakuwepo.

"Bon," bibi akasema. "Taja weye. Mi naziba masikio, donc haitakuwa zambi."

Akayaziba kwelikweli, kwa vidole viwili. Isaro akashusha pumzi.

"Mukabutera," akasema.

Ulimi wake ulivimba kidogo, kama alivyoonywa tangu utotoni, kisha ukanywea. Karani aliandika, akamtakia siku njema.

Kadi ya kitambulisho ilikuja kwa posta. Muhoza aliisoma mlangoni: Isaro Mukabutera. Karani alikuwa amelifanya jina la bibi kuwa jina la pili la Isaro. Bibi akajaribu kushusha mguu. Ukakomea palepale, upana wa kiganja. Walipopiga simu, waliambiwa hakuna kosa: mtu mmoja anaruhusiwa majina mawili.

Bibi akapanda tena mgongoni.

"Donc siku mutamuzika Isaro, na miye nitaingia."

"Ndiyo, Mama."

"Basi usikufe mbio."

"Sikufi, Mama."

Na hajafa. Lakini tangu siku ile, Isaro akiulizwa jina lake kamili, iwe hospitali, benki au ghalani, huinamisha macho na kunyamaza, maana ndani ya jina lake kuna jina ambalo mkwe hatamki mara mbili. Bibi ndiye hulitaja, kutoka mgongoni, kwa sauti kubwa na ya furaha. Sasa wanamsikia vizuri kabisa. Wanaandika, wanainua macho, na kumshukuru Isaro.